Kuchora mwanamke aliyejifunga kanga kwa rangi za guashi: mwongozo kamili

Ukitaka kujua kama mchoraji anaijua kanga, tazama alivyochora pindo. Kwenye picha nyingi za madukani pindo limenyooka kama rula kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, maua ya mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, yametawanywa sawasawa, na mwanamke aliyemo ndani amebaki bapa. Kanga haikai hivyo mwilini. Inavutwa na fundo, inabanwa na nyonga, inaning'inia kutoka begani, na kila inapokunjika pindo linakatika, linapotea, halafu linajitokeza upande wa pili likiwa limehama. Kukatika huko ndiko kunakomwonyesha mtazamaji kwamba chini ya nguo kuna mtu. Hatua zote zilizo hapa chini zinafanya kazi hiyo moja.

Kwa kazi hii sijaona rangi inayoizidi guashi. Ni rangi ya maji, inashikwa na gundi ileile ya mgunga inayotumika kwenye rangi za maji za kawaida, ila imejazwa unga mwingi wa rangi kiasi kwamba haipitishi mwanga. Ikikauka haing'ai, na unaweza kuweka rangi nyeupe juu ya nyeusi. Kanga nayo ni nguo ya kuchapwa: rangi zake ni bapa, kingo za maua ni kali, nyeupe yake inakaa kando ya nyeusi bila kuchanganyika. Wachoraji wa makasri ya Wamughali huko India walitumia rangi za jamii hii kuchora mavazi yenye nakshi ndogo kabisa, na kazi zao za karne ya 16 na 17 bado zinang'ara kwenye makumbusho.

Kuna tabia mbili za guashi unazopaswa kuzijua kabla hujafungua tyubu. Ya kwanza, rangi iliyokauka huamka tena ikiguswa na maji. Aliyezoea kuchora Tingatinga kwa rangi za mafuta anajua kwamba tabaka la chini likikauka limekauka, unapita juu yake unavyotaka. Guashi haikupi nafasi hiyo. Ukisugua brashi mara mbili, rangi ya chini inapanda na kuchafua ya juu. Ya pili, rangi hubadilika ikikauka: zenye weupe mwingi hukoza kidogo, za giza hupauka. Kwa hiyo usiihukumu rangi ikiwa mbichi.

Vifaa

Majina yaliyoandikwa kwenye tyubu hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini nyuma ya tyubu nzuri kuna msimbo wa unga wa rangi, na huo haubadiliki. Nunua kwa msimbo. Zinazotosha kwa kanga na ngozi ni hizi:

- Nyeupe, PW6. Nunua tyubu kubwa, itaisha kabla ya zote.
- Manjano ya limau, PY3, na manjano ya udongo, PY42 au PY43.
- Nyekundu, PR112 au PR170.
- Nyekundu inayoelekea zambarau, PR122.
- Bluu iliyokoza, PB29, na bluu inayoelekea kijani, PB15.
- Kahawia yenye wekundu, PBr7 au PR101.
- Nyeusi, PBk7, kwa ajili ya mistari myeusi iliyochapwa kwenye kanga tu.

Jihadhari na ile waridi kali inayowaka. Inavutia sana dukani na inafanana kabisa na waridi ya kanga, lakini nyingi za aina hiyo hupauka zikikaa kwenye mwanga. Changanya PR122 na nyeupe badala yake. Soma pia kama tyubu imeandikwa ni ya akriliki. Guashi ya akriliki ni nzuri, lakini ikikauka haiamki tena, kwa hiyo baadhi ya mbinu za hapa, hasa za kulainisha kingo na kufuta, hazitafanya kazi.

Brashi nne zinatosha: ya mviringo namba 6, nyingine namba 2, nyembamba namba 0, na bapa ya upana wa sentimita moja hivi. Zisizo za manyoya ya mnyama zinafaa, tena zinavumilia kusuguliwa. Karatasi iwe ya rangi za maji, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na iwe laini. Kwenye karatasi yenye mikwaruzo mistari ya pindo itatetemeka. Ibandike kwenye ubao pande zote nne kwa tepu ya karatasi. Chukua vikopo viwili vya maji, kimoja cha kuoshea, kingine kisafi cha kulainishia rangi.

Pwani upepo na joto hukausha guashi kwenye paleti kabla hujamaliza ua moja. Dawa yake ni kopo bapa la plastiki lenye kifuniko: tandika ndani karatasi za jikoni zilizoloweshwa, juu yake weka karatasi ya kuokea, na uchanganyie rangi hapo. Ukifunika, rangi zinakaa mbichi hadi kesho yake. Usiiache wiki nzima, kwa unyevu wetu itaota ukungu.

Nguo na mtu

Chagua doti yenye rangi tatu au nne na mji wenye maua makubwa yaliyoachana. Korosho kubwa, yale maua yenye umbo la korosho, ni nzuri kuanzia. Kisutu, kile chekundu, cheusi na cheupe cha harusini, kina nakshi ndogo zilizobanana, na mkono ambao haujazoea utaishia kuhesabu nakshi badala ya kuchora mtu. Kiache kwa picha ya tatu au ya nne.

Kanga mpya ina wanga. Inasimama, mikunjo yake ina pembe kali, na haimkai mtu vizuri. Iliyofuliwa mara kadhaa inalainika na kuporomoka kufuata mwili. Mimi hupendelea ya pili, ila ukitaka mikunjo michache na iliyo wazi, kanga mpya inarahisisha kazi.

Kabla mtu hajajifunga, itandaze kanga moja sakafuni na uipige picha kutoka juu moja kwa moja. Picha hiyo ndiyo itakayokuonyesha maua yako mangapi kutoka pindo hadi katikati, pindo lina mistari mingapi, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, limekaa wapi. Wachoraji wengi huiruka hatua hii, kisha wanabuni maua wanapofika kwenye mikunjo.

Halafu mwache mwenyewe ajifunge. Kama ni shangazi yako au jirani, ataichukua kanga, ataivuta, ataipindua ncha na kuichomeka kwa mkono mmoja, na mikunjo itakayotokea itakuwa ya kweli. Ukimfunga wewe ili nguo ipendeze kwenye picha, itaonekana imepangwa. Mwombe ruhusa waziwazi ya kumchora, na mwambie mapema kama unakusudia kuiweka picha mtandaoni au kuiuza. Hapo anaweza kukuambia mchoro usionyeshe uso, na umtimizie.

Pozi ninalopendekeza ni la kusimama, mgongo ukielekea kwako kwa robo tatu, uzito kwenye mguu mmoja, uso umegeuka kidogo juu ya bega. Kanga moja imefungwa chini, nyingine amejitanda kichwani na mabegani. Kwa pozi hilo unapata kila kitu: ushungi, nyonga iliyopanda, mji mpana mgongoni, pindo la chini, na jina. Mwanga utoke upande mmoja tu, dirishani au mlangoni. Jua la saa sita mchana linatoka utosini na kuua mikunjo yote ya wima. Asubuhi au alasiri ni bora. Ukitumia picha ya simu, simama mbali naye kama mita tatu, simu ikiwa usawa wa kifua chake. Ukimkaribia, kichwa kinavimba na miguu inasinyaa.

Mchoro wa penseli

Fanya kwanza vichoro vidogo vitatu au vinne vya ukubwa wa kiganja, vya toni tatu tu: mwanga, katikati, kivuli. Usichore maua. Kama umbo halisomeki hapo, maua hayatalisaidia.

Kwenye karatasi ya A4, mtu wa sentimita 24 anakaa vizuri. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, kwa hiyo kichwa chake kitakuwa sentimita 3.2. Chora mwili mzima kwa mistari myepesi kana kwamba hana nguo ya juu: mteremko wa mabega, mstari wa uti wa mgongo, nyonga iliyopanda upande wa mguu unaobeba uzito, goti lililolegea la mguu wa pili, visigino. Kisha vika nguo juu ya mwili huo. Chora kwenye karatasi ya kawaida na ufute huko kadiri utakavyo. Karatasi nzuri ikisuguliwa na kifutio hunywa rangi vibaya. Ukiridhika, hamisha mchoro kwa kubandika karatasi zote mbili kwenye kioo cha dirisha, na upitishe penseli ngumu kidogo, bila kukandamiza.

Mikunjo haitokei ovyo. Tafuta kwanza nguo inavutwa kutoka wapi: utosini, begani, kwenye kiwiko kinachoshikilia ushungi, kwenye nyonga. Kila mkunjo unaanzia kwenye sehemu hizo na kufunguka kuelekea chini. Kati ya mabega mawili nguo inalegea na kufanya mikunjo ya upinde. Chini ya nyonga inaning'inia wima. Ukijua chanzo cha kila mkunjo unaweza kuacha nusu ya ile unayoiona. Mingi inayokatizana hovyo inachosha macho.

Sasa chora pindo, kwa sababu ndilo ramani ya nguo nzima. Anza na ukingo wa chini kabisa, ufuate ukipanda na kushuka kwenye kila mkunjo. Unapoingia ndani ya mkunjo, simamisha penseli. Unapotoka upande wa pili, anza tena mahali palipohama, juu au chini kidogo. Ukimaliza ukingo, chora mstari wa ndani wa pindo kwa mwendo uleule. Pale ambapo nguo imejikunja na kutugeukia ubavu, upana wa pindo unasinyaa kwa jinsi tunavyoutazama. Usisahau pindo la upande mfupi: kanga ikizungushwa mwilini, ncha yake ya nje inashuka kama ukanda wa wima. Ukanda huo ukikosekana, mtu wa Pwani ataona mara moja kwamba umechora sketi.

Mwisho weka alama ndogo za katikati ya kila korosho, ukirejea picha uliyopiga sakafuni. Zilizo kwenye uso uliotuelekea ziwe na nafasi sawa. Zinazokaribia ubavu zibanane. Zinazoangukia kwenye mkunjo zikatwe bila huruma, hata kama ni nusu ya jani tu inayobaki.

Kuchanganya rangi kabla ya kupaka

Chukua mfano wa kanga yenye mji mweupe, korosho nyekundu na pindo la bluu lenye madoa meupe. Kila rangi ya nguo ichanganywe mara mbili, moja ya mwangani na moja ya kivulini, na zote ziwe tayari kwenye paleti kabla hujagusa karatasi.

Nyeupe ya mwangani: PW6 na chembe ya manjano ya udongo. Nyeupe ya kivulini: PW6, PB29 kidogo, na kahawia kidogo kuliko hiyo, hadi ipatikane kijivu kinachoelekea ubluu. Nyekundu ya mwangani: PR112 na tone la manjano. Nyekundu ya kivulini: PR112, PR122 na PB29 kidogo sana. Bluu ya mwangani: PB29 na nyeupe kidogo. Bluu ya kivulini: PB29 na kahawia. Usitie nyeusi kwenye kivuli chochote hapa. Inaigeuza nyekundu kuwa matope.

Paka kila mchanganyiko kwenye kipande cha karatasi ileile, usubiri ukauke, kisha uipige picha kwa simu na kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Mwangani na kivulini viachane waziwazi. Nyeupe ya kivulini iwe na giza kuliko moyo wako unavyotaka, lakini bado iwe nyepesi kuliko nyekundu ya mwangani. Nikimkuta mchoraji ambaye kanga yake haina umbo, mara nyingi tatizo ni hilo: aliiogopa nyeupe, akaiacha yote iwe nyeupe.

Ukuta na ngozi

Anza na ukuta wa nyuma. Uwe wa rangi moja tulivu, kijivu cha udongo kinatosha, na upakwe hadi ukingo wa umbo, uingie milimita moja ndani yake. Utakapopaka nguo utaukata ukingo huo vizuri.

Kwa ngozi nyeusi, toni ya katikati ni kahawia yenye wekundu, PB29 kidogo na manjano ya udongo. Kivuli kinapata kahawia na PB29 zaidi, na PR122 kidogo ili kibaki na joto. Mwanga juu ya ngozi nyeusi ndio unaokosewa sana: watu huongeza nyeupe na ngozi inakuwa kama imepakwa majivu. Mwanga wa dirishani una ubluu wa anga. Ongeza manjano ya udongo kwanza, nyeupe kidogo baadaye, na pale panapong'aa kabisa, kwenye shavu, ncha ya pua na mfupa wa bega, weka doa dogo lenye chembe ya bluu. Tazama pia chini ya kidevu na upande wa mkono ulio karibu na nguo: nyekundu ya kanga inarudi kwenye ngozi. Ukiiweka, mtu na vazi lake vinakuwa mahali pamoja.

Kuipaka kanga

Tabaka la kwanza ni mji mtupu na pindo tupu, bila ua hata moja. Rangi iwe na uzito wa mtindi uliokorogwa. Ikiwa nyepesi zaidi itaacha mabaka. Ikiwa nzito sana itapasuka ikikauka. Paka nyeupe ya mwangani kwenye uso wote unaotazama dirisha, na nyeupe ya kivulini ndani ya mikunjo na upande wa pili. Mkunjo mkali uwe na ukingo mkali. Mkunjo laini, ule wa upinde mgongoni, uulainishe kwa brashi yenye unyevu kidogo tu, pitisha mara moja na uache. Fanya vivyo hivyo kwa bluu ya pindo. Ukimaliza hatua hii unapaswa kuona nguo kamili, yenye uzito na mwili ndani yake. Kama huoni, rekebisha sasa. Acha ikauke kabisa. Usiguse kwa kidole kupima, mafuta ya ngozi yanaacha alama.

Tabaka la pili ni maua. Tumia brashi namba 2 iliyojaa rangi lakini haidondoshi. Anza na korosho ambazo ziko mwangani zote, uzimalize, kisha uoshe brashi na kufanya zilizo kivulini. Zinazovuka mpaka zichore mwisho: nusu kwa nyekundu ya mwangani, nusu kwa ya kivulini, na mpaka wa nyekundu hizo mbili uangukie palepale penye mpaka wa nyeupe mbili za chini. Angalia korosho moja tu unapofanya hivyo. Mkia wake uko mwangani, mwekundu mkali. Tumbo lake linaingia mkunjoni na kukoza. Kichwa kimemezwa na nguo iliyojikunja juu yake. Ua hilo moja likikaa sawa, mkono wako utajua la kufanya na mengine.

Kila mpigo uwe mmoja. Ukirudia palepale, nyeupe ya chini inaamka na nyekundu inakuwa waridi. Ukiona pamekosa rangi, subiri pakauke ndipo urudie.

Wengine hupaka maua yote kwa rangi ya mwangani, kisha wanapitisha kivuli chepesi juu ya nguo yote. Kwa guashi ya kawaida ni hatari kwa sababu niliyoitaja. Ukitaka njia hiyo, paka nguo kwa guashi ya akriliki na kivuli kwa guashi ya kawaida.

Madoa meupe ya pindo yawekwe mwisho kwa brashi namba 0, na nayo yana nyeupe mbili. Doa jeupe la mwangani likiwekwa ndani ya kivuli litaruka nje ya picha.

Jina

Jina huandikwa ndani ya mji, juu kidogo ya pindo la chini, kwa herufi kubwa. Kwenye kanga aliyojitanda, mara nyingi huangukia nyuma, chini ya kiuno. Ukimchora mtu kwa mbele, usilihamishie tumboni ili lisomeke. Liache lilipo, hata kama halitaonekana.

Kwa pozi letu litaonekana, lakini si lote. Tuseme kanga imeandikwa WEMA HAUOZI. Chora kwa penseli mstari wa chini wa herufi ukifuata mwendo uleule wa pindo, kisha mstari wa juu. Gawanya nafasi za herufi kwa kurejea picha ya sakafuni. Huenda WEMA ikakaa wazi mgongoni, H, A na U zikabanana kuelekea ubavuni, na OZI ikaingia mkunjoni ikabaki fito za juu tu. Iache hivyo. Msomaji wa Kiswahili atalimaliza jina mwenyewe. Tumia brashi namba 0, rangi nyepesi kidogo kuliko ya maua ili itiririke, na mkono uegemee juu ya karatasi safi.

Kumalizia na kurekebisha

Tazama picha ukiwa umesimama mbali. Kingo zinazopaswa kuwa kali ni chache: bega la mwangani, ukingo wa ushungi usoni, pindo la chini. Za kivulini ziache zizame ukutani kidogo. Hereni ya dhahabu inahitaji rangi tatu tu, kahawia ya giza, manjano ya udongo na doa moja la manjano ya limau iliyotiwa nyeupe. Rangi za kumetameta hazihitajiki.

Ukikosea, lowesha sehemu kwa brashi safi, sekunde chache, ufyonze kwa karatasi ya jikoni, rudia, kisha acha ikauke na upake upya. Nyekundu ni mkaidi na hupenya nyeupe inayowekwa juu yake, kwa hiyo ing'oe kwanza kadiri inavyotoka, ndipo uweke nyeupe mara mbili.

Kwa mavazi mengine utaratibu ni huu huu. Kanzu nyeupe ni kazi ya vivuli vya bluu na vya udongo, na darizi ya shingoni huwekwa mwisho. Buibui na joho jeusi changanya PB29 na kahawia badala ya nyeusi ya tyubu, ili mikunjo ipate pa kuonekana.

Usipake vanishi, inaikoza guashi na kuondoa ule ukavu wake mzuri. Weka kwenye fremu yenye kioo, na katikati uweke pasipatuu ya kadibodi ili kioo kisiguse rangi, maana kwa unyevunyevu wa Pwani zitashikana. Ukutani iwe mbali na jua la moja kwa moja na ukuta wa bafu. Kama unataka nakala ya mtandaoni, ipige picha kabla ya kuiweka kwenye fremu, nje, kwenye kivuli, karatasi ikiwa wima na simu sambamba nayo.